Mshororo wa Nne

Koti lilinukia karanga mbichi, moshi wa kuni na ugoro. Nilikabidhiwa na mwanamke mwenye macho mekundu, katika uwanja wa nyumba moja huko Unyamwezini, na watu waliokuwa wamekaa chini wakageuka wote kunitazama. Hakuna aliyenieleza la kufanya. Walijua kwamba najua. Nikalishika koti kwa mikono miwili, na kabla sijaingiza hata mkono mmoja, ile harufu ikanirudisha Kariakoo, kwenye chumba cha tatu upande wa kushoto, nikiwa na umri ule ambao mtoto anasikia kila kitu na kukielewa kwa namna yake.

Nyinyi wa rika langu mliokulia mitaa ile mnazikumbuka nyumba zetu. Ukumbi mrefu katikati, vyumba kulia na kushoto, uani bomba moja na choo kimoja, juu bati lililokula kutu. Msimu ninaousimulia, nyumba ya jirani ilikuwa imevunjwa ili lijengwe ghorofa, na mashine ilichimba shimo la msingi kutwa nzima. Vikombe vilitetemeka kabatini. Vumbi liliingia hadi kwenye uji. Shimo walilizungushia mabati, lakini bati moja lilikuwa na tundu la msumari, nikalifanya dirisha langu. Nilikuwa mtoto wa kuchungulia. Tabia hiyo ndiyo iliyonitoa shule kabla ya wakati, na ndiyo iliyonizungusha nchi nzima baadaye. Kupitia tundu lile niliona maji meusi yakikusanyika chini kabisa, na nikaamini kwamba shimo linatembea. Kila asubuhi nililiona liko karibu zaidi na ukuta wetu.

Nyuma ya ukuta huo alikuwa amelala baba.

Jina lake Kondo, Mzaramo wa Kisarawe. Kazi yake ilikuwa kushona magunia yaliyotoboka kule Shimoni, sehemu ya chini ya soko, ambako taa zinawashwa mchana na hewa ina ladha ya unga na vitunguu. Alishona kwa sindano ya shazia na uzi wa buluu. Wenzake walitumia uzi wowote. Yeye alitaka buluu ili gunia lake likirudi baada ya miaka alitambue, alisalimie. Vumbi la magunia lilikuwa limejaa kifuani mwake. Hospitalini walimpa dawa, wakamwambia apumzike, kisha wakamwita mama pembeni. Tulirudi kutoka Upanga kwa miguu, mama kanishika mkono kwa nguvu hadi vidole vikafa ganzi. Tangu siku hiyo neno kifo halikutamkwa chumbani kwetu. Hata paka wa jirani alipokutwa amekauka uani, mama alisema ameondoka.

Mtu mmoja tu hakuwa na adabu hiyo, naye ni Babu Maganga.

Alikuwa Mnyamwezi, mkulima. Kila baada ya mavuno aliteremka na karanga zake, akakaa nazo Shimoni karibu na baba mpaka ziishe, halafu akarudi kulima. Mrefu, mkavu, koti la kaki hata kwenye joto la kuyeyusha lami. Alikuwa mshairi pia, ingawa hakuna redio iliyowahi kumsoma. Mashairi yake yalihusu jembe, palizi, nguruwe wanaokula mihogo, mume na mke waliogombana wakiwa kwenye tuta moja wakalazimika kulima hadi mwisho wa tuta bila kusemeshana. Kila kitu cha mjini alikipima kwa shamba. Siku ya kwanza alipoona lile shimo na picha ya ghorofa iliyobandikwa kwenye mabati, alisimama, akavuta ugoro, akapiga chafya, kisha akasema kwa sauti ili wachimbaji wasikie:

*Mjini mwalima nini, ghorofa kama mihogo,*
*Shina limekwenda juu, chini kiazi kidogo.*

Wachimbaji walicheka. Mmoja akamwambia, "Mzee, na wewe ungekuwa mhogo ungekuwa ule mchungu." Babu akajibu, "Mchungu ndio hauibiwi, kijana," akaingia kwetu.

Alikuwa anakuja mchana, soko likipoa. Mimi nilikaa ukumbini na masufuria niliyotakiwa kuyasugua, sikio likiwa mlangoni. Aliingia bila hodi, jambo ambalo hakuna mgeni mwingine aliyelifanya, na kumtazama baba kitandani kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua mbuzi mnadani.

"Wewe Mzaramo bado upo?"

"Nipo. Nakusubiri utangulie."

"Mimi nimetoka Tabora kuja kuzika, nauli yangu isipotee bure. Fanya haraka."

"Babu zako walikuja huku kwa miguu na pembe za tembo mabegani, wakatukuta tumelala kivulini. Mpaka leo hamjatusamehe ule usingizi."

Baba alikuwa anacheka. Kicheko chake kilianza vizuri kisha kikageuka kikohozi, na kikohozi kilikuwa kirefu, chenye kupanda kama mtu anayepandisha ndoo kisimani, na mwisho wake mlio mdogo, *hii*, kana kwamba ndoo imegonga jiwe. Mimi huko nje nilisikia kikohozi tu. Kicheko sikukihesabu. Nilichojua ni kwamba kila yule mzee akiingia, baba anakohoa hadi kitanda kinagonga ukuta, na nyuma ya ukuta kuna lile shimo.

Kisha yakaja mashairi. Siku moja Babu alianza ubeti, na kila alipokuja aliuongezea:

*Kondo ukifa mapema, kofia yako ya nani?*
*Nitaivaa kwa hima, nicheke nayo sokoni,*
*Na kifua cha kuhema, nikiige uwanjani...*

Hapo akanyamaza. Baba akasubiri. "Mshororo wa nne?"

"Wa nne haujaiva."

"Utaiva lini?"

"Utaiva ukishalala chini, Kondo. Nitausema nikiwa na kofia yako kichwani."

"Basi usichelewe."

Wakacheka tena, na ndoo ikapanda tena kisimani. Mikono yangu ilikuwa kwenye majivu na maji. Nilielewa mambo yote kwa mara moja, kama mtoto anavyoelewa. Ule ubeti ulikuwa unamla baba. Mshororo wa kwanza umekula miguu, kwa sababu hasimami tena. Wa pili umekula sauti. Wa tatu uko kifuani. Ukija wa nne, basi.

Kulikuwa na kitu kingine. Pale kitandani baba alianza kushona gunia. Alikuwa ameagiza magunia mawili matupu kutoka Shimoni, akayafungua, akayaunganisha kuwa gunia moja kubwa kuliko gunia lolote nililowahi kuona, refu kama mtu. Alishona kidogo kidogo, akiwa ameegemea mto, uzi wa buluu ukiingia na kutoka.

Nikamuuliza, "Baba, hilo la nini?"

"La mtu mrefu," alisema, akacheka peke yake.

Baba alikuwa mrefu. Sikuuliza tena.

Nilimwambia mama. Mama alikuwa Mchaga, aliyekuja Dar kusaidia duka la kaka yake, akampenda mshona magunia, akaolewa kwa dini ya mumewe na ndugu zake wakakaa kimya miaka mingi. Alikuwa na genge la nyanya na ndizi nje ya nyumba, na hakuwa mtu wa kuamini maneno ya mtoto mbio mbio. Siku iliyofuata aliacha genge kwa jirani, akasimama ukumbini pamoja nami. Tulisikia ubeti wote mpaka pale kwenye kifua cha kuhema. Mama akausukuma mlango.

"Mzee Maganga, toka."

"Shemeji..."

"Toka. Mimi nahangaika na uji, nahangaika na dawa, wewe unamwimbia mume wangu kaburi? Kwetu na sisi tuna utani, Wapare tunataniana nao mpaka kesho. Lakini hatutanii jeneza la mtu akiwa bado anapumua."

Baba aliinua mkono kutoka kitandani. "Mama Tatu, huyu ni mtani wangu. Ni haki yake."

"Haki ya kukuua?"

Babu Maganga alisimama. Hakukasirika. Alifunga vifungo vya koti, akatoa mfukoni karanga kiasi cha kujaza kiganja, akaziweka kwenye kiti alichokuwa amekalia, akapita mbele yangu bila kunitazama. Mama alizifagia zile karanga nje na vumbi la siku hiyo.

Nilifurahi sana. Usiku niliweka sikio ukutani, mashine imelala, nikaona hata shimo limetulia. Nilitegemea miguu ya baba irudi kwanza, halafu sauti.

Havikurudi. Baba alinyamaza. Mama alimsemesha kuhusu hali ya hewa, kuhusu bei ya ndizi, kuhusu mimi, kuhusu kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa kimekaa nasi chumbani, naye alijibu kwa kutikisa kichwa. Wageni walikuja na maneno laini, wakasema umenenepa, macho yamechangamka, na baba aliwaangalia kama mtu anayesubiri wamalize. Kikohozi kilipungua. Nilidhani ni uzima. Sasa najua kwamba hakuwa na cha kumchekesha, tena hata nguvu ya kukohoa ilikuwa inaisha. Aligeukia ukuta. Gunia lilimalizika, likakunjwa, likawekwa chini ya kitanda, na nilipofagia sikuthubutu kuligusa na ufagio.

Nyuma ya ukuta walianza kupiga nguzo. Kila pigo, chokaa kidogo ilidondoka kwenye shuka la baba. Mama aliikung'uta, ikadondoka tena.

Nikaamua kwenda Shimoni mwenyewe. Nilishuka zile ngazi zenye maji ya mboga, nikapita kwenye dagaa, nikapita kwenye nazi, mpaka kwenye magunia. Pale baba alipokuwa anakaa palikuwa patupu, ila vipande vya uzi wa buluu sakafuni. Babu Maganga alikuwa karibu, amezungukwa na karanga, uso wake wa kijivu kwa vumbi, juu yake taa moja. Kwangu alikuwa mtu anayeishi chini ya ardhi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mama yako anajua uko huku?"

"Hajui. Nimekuja uyafute."

"Nifute nini?"

"Yale mashairi ya baba. Yafute yote. Halafu ule wa nne usiuseme kabisa."

Alinitazama. Mnunuzi alikuja kuulizia bei, akamfukuza kwa mkono. "Tatu, mashairi si maandishi ya ubaoni. Na nikiyafuta, baba yako atabaki na nini?"

Kwangu hilo lilikuwa tishio. Lakini sikuondoka. "Basi njoo umwambie mwenyewe kwamba umeyaacha."

"Siwezi. Baba yako angenifukuza, ningerudi kesho yake na kumtukana zaidi, ndiyo sheria yetu. Mama yako si mtani wangu. Neno lake siwezi kulivuka." Aliokota karanga moja, akaimenya, akaitazama na kuitupa. "Anacheka siku hizi?"

"Hapana."

"Anakohoa?"

"Kidogo tu. Anapona."

Babu Maganga akainamisha kichwa. Kisha akasema, "Nenda nyumbani, mwanangu. Pitia ngazi za huku, kule kuna utelezi."

Baba alifariki asubuhi, mama akiwa anachemsha maji. Mashine ilikuwa imekwisha kuanza. Mtu alikwenda kuwaomba wachimbaji wasimame, wakasimama, na ukimya ule ndio ulionitisha kuliko kelele zote. Nilichungulia kwenye tundu langu. Wanaume wenye kofia za ujenzi walikuwa wamesimama ukingoni mwa shimo, wameinamisha vichwa, wakiuangalia ukuta wetu.

Mama hakulia. Alipokea watu, akatandika mikeka, akasema asanteni. Shangazi, dada yake baba, aliyetoka Kisarawe mara habari zilipomfikia, alimwambia, "Wifi, lia. Utapasuka." Mama akajibu kwamba wali utaungua. Wanaume walimchukua baba baada ya adhuhuri. Sisi wanawake na watoto tulibaki uani, na mimi nikaingia chumbani kutazama chini ya kitanda. Gunia halikuwepo. Basi nikajua wamemtia humo.

Alasiri wanaume walirudi kutoka makaburini. Uani palijaa. Hapo ndipo nilipokisikia, kutoka ukumbini, kwenye giza lile la katikati ya nyumba: kikohozi. Kile kile. Kilianza chini, kikapanda, kikapanda, na mwisho wake, *hii*.

Sufuria ilianguka mahali fulani. Mama aligeuka polepole.

Akatoka baba. Kofia yake iliyoshonwa kwa mkono, shati lake la buluu lenye kiraka begani, msuli wake, mguu wa kulia ukiburutwa kidogo kama alivyouburuta. Mkononi kashika shazia. Nililiona shimo, maji meusi, na baba akipanda kutoka humo kwa sababu ubeti haukuwa umekamilika. Akatembea moja kwa moja hadi mbele ya mama, akashika kiuno, akasema kwa sauti ya baba:

"Mama Tatu! Maji ya kuoga yako wapi? Au Wachaga mnachemsha maji Krismasi tu?"

Neno hilo baba alikuwa analisema kila siku alipokuwa mzima. Kila siku. Hakuna mtu wa nje aliyelijua, isipokuwa yule aliyekuwa anaingia bila hodi.

Mama alimtazama. Halafu akacheka, kicheko kikubwa ambacho sikuwahi kukisikia kwake, akamshika yule mtu kola ya shati na kumtikisa, na kicheko kikavunjika katikati, akalia. Alilia kwa sauti, akiwa amelala kwenye lile shati, na wanawake wote wakalia naye. Shangazi alikuja akanikumbatia kwa nyuma, mikono yake ikinukia karafuu. "Usiogope. Ni mtani. Sisi na Wanyamwezi ndivyo tulivyo. Nguo nimempa mimi. Kuna mtu lazima amlete marehemu mara ya mwisho, watu wamuage wakiwa wanacheka."

"Na gunia?"

"Gunia gani? Lile kubwa? Kalichukua yeye. Baba yako alimshonea. Alisema Mnyamwezi huyu akifa msihangaike na jeneza, mtieni humu, nimeshapima."

Babu Maganga alizunguka uani akiwapa watu pole kama baba, akilalamikia chumvi kama baba, akiwatukana wakwe. Kisha akavua kofia. Sauti yake mwenyewe ikarudi, kavu, na macho yalikuwa yamelowa. Akasema ile mishororo mitatu, polepole. Nikajua kinachokuja. Nikamshika shangazi.

*Nikifa nami mapema, Mzaramo yuko nani?*

Ndio huo. Nilikuwa nimeuogopa msimu mzima, kumbe lilikuwa swali: siku yake ikifika, Mzaramo gani atamvalia koti? Aliwatazama baba zangu wakubwa na wadogo, mmoja mmoja, na wao wakacheka, wakapiga makofi, wakamwambia kufa kwanza tuone. Hakuna aliyejibu. Yeye hakucheka. Alisimama pale na kofia ya baba mkononi, mzee mrefu mwenye shati lisilomtosha, akisubiri, na mimi niliona kwamba anaogopa.

"Mimi," nilisema.

Watu wakaangua kicheko. Yeye akainama hadi uso wake ukawa sawa na wangu. "Haya," alisema. "Usichelewe."

Nilichelewa kidogo. Ghorofa lilisimama, nyumba yetu nayo ikavunjwa, mama akarudi kwao, nami nikaacha shule nikaifuata barabara: Tunduma, Makambako, Kahama, mitumba, mama ntilie, chochote. Kila nilipopita Tabora nilimtafuta, tukatukanana siku mbili, nikaondoka. Simu ya binti yake ilinikuta Kahama, mikono kwenye unga. Aliniambia baba yake alikuwa ameacha namba ya mtu mmoja tu wa kuitwa.

Basi pale uwanjani nikaingiza mkono wa kwanza. Nikaingiza wa pili. Koti lilinifika magotini. Nilivuta ugoro, nikapiga chafya yake, nikaanza kutembea kwa ile hatua yake ya mtu anayevuka matuta, na nikasikia uwanja mzima ukivuta pumzi. Pembeni, chini ya kipenu, palikuwa na gunia refu lililojaa karanga za mbegu. Mshono wake ulikuwa wa buluu. Nilisimama mbele yake, nikalisalimia.

Kisha nikawageukia wafiwa, nikapaza sauti yake kavu.

"Nyie wajinga, nani kawatuma mchimbe kaburi? Kondo si alishanishonea gunia? Mwageni hizo karanga, niingie!"

Binti yake ndiye aliyecheka wa kwanza, na ndiye aliyelia wa kwanza. Lakini mimi nilikuwa namtazama mtoto aliyesimama mlangoni, mjukuu wake, mdomo wazi, ameng'ang'ania fremu kwa mikono yote miwili, akiniona kama babu yake aliyetoka ardhini.